Mwaka Tuliomtafuta Tita

Mama alipokufa, mwaka huu mvua zilipokuwa zinaisha, mdogo wangu Ferdinand alinifuata jikoni nikiwa napanga sahani za watu wa kilio, akaniuliza tuandike nini kwenye msalaba. Seremala alikuwa nje, amekaa juu ya pikipiki yake, anasubiri. Jina la Mama tulilijua, Lusia, lakini Ferdinand alitaka iandikwe binti wa nani, na yeye, mwanamume aliyekwisha kuota mvi, hakujua babu yake aitwe nani. "Wewe njo ulikaa na wakubwa ule mwaka," alisema. "Mimi nilikuwa mutoto. Nilikuwa nikiingia, wakubwa wananyamaza." Nilimwambia aandike Lusia binti wa Tita. Akauliza, Tita nani? Nikamjibu kwamba zaidi ya hapo hatukupata, na kile tulichopata si cha kuelezwa mlangoni wakati seremala anangoja. Akaenda akaandikisha hivyo. Lakini jioni, watu walipopungua, nilimwona amekaa peke yake kwenye mkeka, anaangalia mikono yake, hiyo mikono myekundu ya Mama isiyopenda jua, na nikaona kwamba nisipoyasema mimi sasa hakuna mwingine atakayeyasema.

Mwaka ule aliousema Ferdinand nilikuwa nimemaliza shule kwa masista na nyumbani hawajaamua wanifanye nini. Macho ya nkambo yetu, mama yake Mama, yalikuwa yanafunga, kwa hiyo nilitumwa kukaa naye mtaa wa Kataki, katika nyumba yake ya vyumba viwili. Jina lake lilikuwa Feliksita, sisi tukimwita Nkambo Feli. Chumba cha mbele kilikuwa na meza, viti vitatu visivyofanana, na picha ya Moyo Mtakatifu iliyofifia mpaka uso wa Bwana ukawa wa kijani. Chumba cha nyuma kilikuwa chake; kilinuka mafuta ya mawese na majani ya dawa, na dirisha lake dogo lilitazama ziwa, ingawa kwake yeye ziwa lilikuwa limebaki mwanga tu na sauti. Asubuhi nilimpikia uji, nikamtoa nje, nikamkalisha ukutani penye jua. Jioni, kabla ya kurudi kwake, Mama alikuja kutoka sokoni, alikokuwa akiuza vitenge vya Kigoma, akivua viatu kizingitini na kuuliza, "Mama, umekula?" kabla hata ya kusalimia. Tulikula bukari, ugali wetu, kwa samaki wa mikebuka wa kukaanga au kwa mboga ya lengalenga, sote kwenye sahani moja, na Mama alikuwa akimchambulia Nkambo miiba ya samaki na kumwekea nyama kwenye vidole. Nasema hili kwa sababu baadaye niliwahi kusikia watu wakisema Mama hakumpenda mama yake. Nilikuwepo. Nilikiona kile kidole kinachopitia nyama ya samaki mara mbili kutafuta mwiba.

Chini ya kitanda cha Nkambo kulikuwa na sanduku la bati, na ndani yake vitu vya mzungu. Watoto wote wa nyumba tulivijua. Kulikuwa na timazi la shaba, lile la fundi wa kupimia ukuta kama umesimama wima, zito, lenye umbo la karoti. Kulikuwa na birika dogo la kahawa la Kiitalia, lisilo na mfuniko, ambalo Nkambo alichemshia dawa. Kulikuwa na koti la sufu lililoliwa na nondo, na picha ya bibi kizee wa kizungu mwenye kitambaa cheusi kichwani, amesimama mbele ya nyumba ya mawe, hatabasamu. Na habari zake tulizijua pia, kwa sababu zilikuwa fupi. Babu yetu alikuwa fundi mwashi, Muitalia, alikuja kujenga bandarini wakati mji huu ukiitwa jina lingine. Vita ya wazungu ilipoanza, Waitalia walikuwa upande wa adui, basi Wabelgiji wakawakusanya na kuwapeleka kambini mbali na hapa. Nkambo wakati huo alikuwa na mimba. Vita ilipoisha, mzungu alirudi kwao, akasahau. Mama alikuzwa na shangazi yake Nkambo kule Niemba, anaitwa mtoto wa kuachwa, na neno hilo "akasahau" alilibeba kama watu wengine wanavyobeba kovu la usoni. Nilipokuwa mdogo niliwahi kumwuliza kama anataka kumwona baba yake. Alikuwa anapiga pasi. Alisema, "Muntu akikusahau, umuone ya nini?" akaendelea kupiga pasi.

Kilichobadilisha mambo kilikuwa padri. Parokia yetu ililetewa padri mpya, Muitalia kijana aliyeitwa Padri Silvio, na Jumapili ya kwanza Mama alimsikiliza akihubiri Kiswahili chake cha kuviringisha ulimi, akashindwa kurudi nyumbani. Alimngoja nje akamwalika kula. Sijawahi kujua kwa nini siku hiyo na si nyingine. Labda ni kwa sababu alikuwa amefika miaka arobaini. Padri alikuja Kataki siku ya Alhamisi, akakaa kwenye kiti kilichokuwa na miguu mizima, akala bukari kwa mkono kwa adabu kubwa. Mama alimwonyesha ile picha. Padri aliigeuza, akaitazama, akasema nyuma hakuna kitu, wala mhuri wa mpiga picha. Nyumba za mawe, alisema, ziko nyingi milimani kwao. Nkambo alikuwa kwenye kona yake, anatafuna polepole. Padri alipoinuka kwenda, Nkambo alinyoosha mkono kuelekea sauti yake akamwambia, "Mandi."

Sisi sote tuliagana hivyo katika nyumba ile. Mandi asubuhi, mandi mtu akienda sokoni. Jirani zetu Waholoholo walidhani ni Kitabwa, na Watabwa walidhani ni Kiholoholo. Padri Silvio alirudi akakaa. Alisema, "Mama, neno hili ulilitoa wapi?"

"Ni neno la hapa kwangu," Nkambo alijibu.

"Hapana, Mama. Mimi mwenyewe kwetu hatulisemi. Ni salamu ya watu wa Friuli, kaskazini, karibu na milima mikubwa. Wanaagana hivyo wao tu." Akamgeukia Mama. "Baba yako ni wa huko. Aliitwa nani?"

"Tita," alisema Nkambo, na lilikuwa jambo la ajabu kulisikia jina hilo kinywani mwake, kwa sababu kwetu alikuwa siku zote "ule muzungu". Padri alicheka kwa huzuni kidogo, akasema Tita ni kifupi cha Yohane Mbatizaji, na kule Friuli kila nyumba ina Tita wake. Aliahidi kuuliza kwao, na kweli aliuliza. Miezi ikapita, majibu yakaja kwamba bila jina la ukoo hakuna wa kumtafuta, kwamba vijiji vizima vya huko vilikuwa vimemwaga mafundi wao duniani. Lakini wakati majibu hayo yanafika tulikuwa hatuyahitaji tena.

Kesho yake baada ya Padri kula kwetu, Mama hakwenda sokoni. Alilivuta lile sanduku hadi chumba cha mbele akatoa kila kitu kwa mara ya kwanza, si kuchungulia tu kama tulivyozoea, na alipokung'uta lile koti la sufu kitu kikagonga sakafu. Ndani ya mkono wa koti, uliokuwa umeshonwa mwishoni kwa uzi, kulikuwa na jozi ya viatu vya mtoto. Vilikuwa vya ngozi nyekundu, vya kufunga kwa kifungo, na nyayo zake zilikuwa safi. Havikuwahi kukanyaga chini. Mama alivishika muda mrefu. Kisha akachukua kiatu cha shule ambacho Ferdinand, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza, alikuwa amekivua mlangoni, akakiweka kando ya kile chekundu. Vililingana.

Nkambo alikuwa juani, nje. Mama alitoka akapiga magoti mbele yake, akamwekea kile kiatu kwenye kiganja.

"Mama, hivi ni viatu vya nani?"

Vidole vya Nkambo vilizunguka kiatu, vikafika kwenye kifungo, vikasimama. "Vya mutoto wa watu. Rudisha."

"Uliniambia alienda nikiwa katika tumbo. Hakunijua. Sasa nani alileta viatu vya mutoto wa miaka sita?"

Nkambo alikiweka kiatu mapajani. Aligeuza uso akaupeleka ukutani, kwenye joto la ukuta, na alikaa hivyo mpaka nilipomwingiza ndani. Jioni hiyo hakula. Mama, mwanamke asiyepandisha sauti, alikusanya vile vitu, akaniambia, "Tutaenda Mpala." Nilishangaa. Mpala ni kwao Nkambo, lakini Mama hakuwahi kupelekwa huko maisha yake yote. Aliambiwa kuna ugomvi wa mashamba.

Tulimwacha Nkambo kwa jirani, tukapanda boti ya mota pamoja na magunia ya chumvi na mbuzi mmoja aliyetapika kama mtu. Ziwa lilikuwa tulivu siku ile. Mama alikaa mbele, amejifunika kitenge kichwani, hakusema nami ila kuniuliza kama nina baridi. Mpala tulifikia kwa watawa, na asubuhi tukaelekezwa kwa katekista mzee, Papa Mikaeli, aliyekuwa anajua habari za mafundi wote waliowahi kutengeneza kanisa la misioni. Tulimkuta anaanika samaki wadogo wa ndagala. Mama alimwambia tu kwamba anatafuta habari za Muitalia aliyeitwa Tita.

"Tita?" Papa Mikaeli alijipangusa mikono. "Tita alikuwaka hapa nyuma ya vita kuisha. Mikono mizuri, ule muzungu. Alitengeneza ngazi za kanisa. Lakini hakukaa. Alifiwa hapa." Akatuangalia, akaona hatujui. "Mukuje niwaonyeshe."

Alitupeleka makaburini, nyuma ya misioni, penye udongo mwekundu na nyasi ndefu. Makaburi mengi yalikuwa vichuguu tu vilivyozama. Moja, dogo, lilikuwa limezungushiwa ukuta mfupi wa mawe uliofika magotini, na mawe yale yalikuwa yamechongwa moja moja yakakaa juu ya mengine bila saruji, bila nafasi ya kupitisha kisu, na pembe zake zilikuwa zimenyooka kama pembe za kitabu. Miaka yote hiyo ya mvua, hakuna jiwe lililokuwa limesogea. "Mutoto wake njo huyu," alisema Papa Mikaeli. "Alizaa na binti wa hapa, Feliksita. Tita alirudi kutoka kambi ya vita anawatafuta, akakuta mutoto amekufa na surua. Huu ukuta aliujenga peke yake. Tulitaka kumusaidia, akakataa. Kisha akapanda mulima wa Pepa, kwa wazungu wa ng'ombe, kuwajengea. Hakushuka tena."

Mama aliuliza, "Mutoto aliitwa nani?"

"Lusia. Jina la mama yake Tita kule kwao."

Nilimtazama Mama. Hakuyumba, hakushika kitu. Aliinama tu akaweka kiganja juu ya jiwe la pembeni, kama mtu anayepima joto la paji la uso la mgonjwa. Papa Mikaeli, kwa heshima, alivua kofia yake. Kisha akauliza, "Na wewe, Mama, unaitwa nani, nikuweke katika sala?"

"Mama Veronika," alijibu. Veronika ni mimi. Hakusema uongo, na hakusema zaidi, na mzee yule alikufa bila kujua alimwonyesha nani kaburi la nani.

Mpaka leo, nami nimekwisha kuzika mume na sasa Mama, sijasimama mahali pengine palipoondoa ardhi chini ya miguu yangu namna ile. Nilikuwa msichana, na nilikuwa nimezoea kuwaza kwamba huzuni za wazee zilikwisha zamani, zimekauka kama samaki wa kuanikwa, ni za kusimuliwa tu. Pale niliona mama yangu anahuzunika huzuni mbichi kwa ajili ya mtu ambaye yeye alikuwa bado anamchukia asubuhi ya siku iliyotangulia. Maisha yake yote aliamini ameachwa. Kumbe alikuwa amezikwa, amejengewa, ameliliwa, na mtu aliyemlilia alikuwa ameishi mlimani, upande huu huu wa ziwa, ambako angeweza kumfikia kwa boti na lori.

Tuliporudi Kataki aliniambia niende jikoni. Jiko lilikuwa nyuma ya chumba cha Nkambo, ukuta wa udongo uko katikati, na nilisikia kila neno huku nimeshika mwiko na sufuria haiko motoni.

"Nimeona kaburi yangu," Mama alisema.

Kisha kitanda kililia, Nkambo anajiinua. "Ile ni ya mutoto wa mudogo wangu. Alikufa na surua, maskini. Kaburi yake njo nilimuonyesha Tita, na ndugu zangu wakanifichia."

"Kwa nini?"

"Lusia, wewe hukuona. Kulikuwa Muitalia mwingine, wa reli. Alikuja kuchukua mutoto wake kwa mama yake, akasema anamupeleka kusoma, atarudi naye. Ule mama alikuwa anashuka bandarini kila meli ikiingia. Kila meli. Watu wakaanza kumuzunguka njiani kama kichaa. Sasa mimi nasikia Tita amerudi, iko Mpala, ananiuliza. Nikakuacha Niemba kwa shangazi, nikaenda peke yangu. Nikamukuta ameshika vile viatu. Viatu vya ngozi, vya kifungo. Muntu haleti viatu kama vile kwa mutoto anayechunga mbuzi Niemba. Vile ni viatu vya kupanda meli. Nikaviona, na kinywa changu kikasema: mutoto amekufa."

"Alisema anataka kunichukua?"

"Hakusema," alisema Nkambo. "Sikumupa nafasi ya kusema. Alikaa chini palepale kwenye mavumbi. Akaniambia niviweke kwenye kaburi. Sikuweza kuviweka, sikuweza kuvitupa."

Sikumsikia Mama akilia. Nilisikia hatua zake, kisha mlango, na kwa mara ya kwanza alitoka nyumba ile bila kuaga.

Aliendelea kuja kila jioni. Aliendelea kumchambulia samaki, kumwogesha, kumpaka mafuta miguu. Lakini hakumwita tena Mama. Alikuwa akiniambia mimi, "Muulize kama ameshiba," na Nkambo akinijibu mimi, "Mwambie nimeshiba," nao wako kwenye sahani moja. Mimi nilibeba maneno yao kutoka upande mmoja wa bukari hadi mwingine, na nilichukia kila siku ya kazi hiyo. Nilitaka kumwambia Mama amsamehe. Nilitaka pia kumwambia Nkambo kwamba hakustahili. Nilikuwa nawapenda wote wawili na sikujua kwamba inawezekana mtu kuwa na haki na bado awe amefanya jambo la kutisha. Nadhani ni mwaka ule, juu ya sahani ile, ndipo nilipoacha kuwa mtoto, ingawa hakuna aliyeona.

Kiangazi kilipokaza, Nkambo akaanza kuisha. Alikula vijiko viwili, akageuka. Mama alimtazama wiki nzima, kisha akafunga mzigo akasema anapanda Pepa kumtafuta Tita. Aliondoka na boti ya kwenda Moba, na kutoka hapo kwa lori. Nilibaki na Nkambo, ambaye kila aliposikia hatua nje aliuliza, "Ni yeye?"

Alirudi mchana wenye upepo, midomo imepasuka kwa baridi ya kule juu, vumbi jekundu kwenye nyusi. Nilimpokea mzigo mlangoni. Hakuingia kwanza. Alinivuta hadi nyuma ya jiko akaniambia kwa sauti ya chini, "Hakuna kitu, Vero. Ni nyasi na ng'ombe. Nyumba za wazungu zimeanguka, watu wamebeba mawe. Niliuliza wazee, niliuliza wachungaji. Hakuna anayemukumbuka. Hakuna hata muntu mumoja anayejua alizikwa wapi." Alinawa uso kwenye beseni, akajifuta kwa pindo la kitenge, akaingia kwa Nkambo. Nilimfuata nikasimama mlangoni.

Nkambo alikuwa ameshajua ni nani. "Ulimuona?" aliuliza, na hakuuliza kupitia kwangu.

Mama alikaa ukingoni mwa kitanda. "Nilimuona. Amelala pahali pa juu, pa baridi. Wamemuwekea mawe pande zote."

"Yamepangwa vizuri?"

"Vizuri sana. Ni vijana aliowafundisha kazi njo walimupangia."

Nkambo aliitikia kwa kichwa taratibu kwenye mto. "Alikuwa na watu, basi."

"Alikuwa na watu. Walimupenda. Wanamutaja mpaka leo."

Upepo ulikuwa unapiga bati, na kwa muda nilifikiri Nkambo amesinzia. Kisha akanyoosha mkono, akatafuta hewani mpaka akaupata mkono wa Mama, akaushika kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Lusia. Alijua?"

Mama alinitazama mimi, mlangoni. Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini sauti ilitoka imara.

"Alijua, Mama. Muntu wa Niemba alipita kule na ng'ombe, akamwambia mutoto ni muzima, ameolewa, ana watoto. Alikufa anajua."

Nkambo alishusha pumzi ndefu. Akaomba maji. Mama akamwinua kichwa kwa mkono mmoja, akamnywesha polepole mpaka kikombe kikaisha.